Mama Upande wa Pili wa Ghala

Mama yangu ni manju. Kwa asiyejua, manju ni mtunzi wa nyimbo na kiongozi wa ngoma, yule anayesimama mbele ya kundi lake kiangazi baada ya mavuno na kulifanya lishinde au liaibike. Watu wa rika lake kule Ngulyati hawamsalimii wakaishia hapo. Wanamsalimia, kisha wanamkumbusha wimbo fulani aliowahi kumpiga nao mtu fulani, na mama anacheka kwa kujizuia, kwa sababu mtu mwenyewe huenda bado yu hai na ana wajukuu.

Mimi nilirithi sikio lake, nikalipeleka kwenye umeme. Ninatengeneza muziki kwa kompyuta na mashine ndogo zenye vitufe na nyaya. Si muziki wa harusi wala wa baa. Ninarekodi sauti za vitu, mvua juu ya bati, kengele za ng'ombe, geti lililokosa grisi, halafu ninazikata, ninazirefusha na kuzipishanisha hadi zinakuwa kitu ambacho hakikuwapo duniani. Nimepiga Dar es Salaam, nimepiga Nairobi, na mara moja nimepiga ng'ambo kwenye ukumbi ambamo watu wazima walilala sakafuni wakafumba macho. Kazi yangu naijua. Nasema hivyo bila haya kwa sababu wenzangu wengi wa fani hii hujieleza muda mrefu kuliko wanavyopiga, na hilo limenichosha.

Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa hajanikubali. Mama akiulizwa binti yake anafanya kazi gani, alikuwa anajibu, "Anashughulika na mambo ya umeme." Matokeo yake, nikienda Ngulyati kumsalimia, nilikuwa nakuta majirani wameniwekea pasi mbovu na televisheni zisizoonyesha picha. Nilimwalika kila nilipopiga karibu na nyumbani. Jibu lake lilikuwa lilelile, kwa upole uleule unaoudhi: "Nitakuja siku utakayopiga ngoma, ng'wanawane." Ng'wanawane ni mwanangu. Kwa Kisukuma neno hilo lina mapenzi ndani yake, kwa hiyo huwezi hata kugomba na mtu aliyekwambia.

Nilichotaka kwake kilikuwa kidogo. Sikutaka sifa. Nilitaka aiite kazi yangu ngoma, basi. Na kwa kuwa hakutaka kunifuata mjini kwa watu, niliamua kuuleta mji Bariadi, karibu na kwake, kwa tamasha la siku moja.

Tulipata ghala la zamani la pamba nyuma ya soko, lililokaa tupu misimu kadhaa. Lilinifaa kuliko ukumbi wowote wa mkoa huu. Halikuwa na madirisha, isipokuwa matundu ya hewa huko juu karibu na paa, kwa hiyo hata jua la mchana likiwa kali kiasi gani, ndani kulikuwa na giza la kutosha kuonyesha picha ukutani. Nasi tulitaka picha. Muziki wangu unakwenda na picha zinazotengenezwa palepale, mtu akizisikiliza sauti na kuzijibu kwa rangi na mistari. Kazi hiyo aliifanya rafiki yangu wa Mwanza, mwanamke mkimya mwenye vidole vyepesi, ambaye nitamwita dada wa picha. Alikuja na projekta mbili na mabunda ya kitambaa cha marekani, akakishona akakitundika kuta zote mbili za mwisho wa ghala.

Mgeni wangu wa pili alitoka Dar. Ni kijana mwenye kipaji kikubwa na maneno mengi kuliko kipaji. Sauti zake ni nzito, za chini, zinazodumu, ambazo unazihisi kwenye mbavu kabla hazijafika masikioni. Yeye ndiye aliyepanga majukwaa. Tamasha lilikuwa la kutwa nzima, la wapigaji kadhaa, kuanzia asubuhi hadi magharibi, na aliogopa vipindi vya ukimya wakati mpigaji mmoja anang'oa nyaya zake na mwingine anachomeka.

"Tunaweka majukwaa mawili," aliniambia. "Moja mwisho huu, moja mwisho ule. Wewe ukipiga huku, mimi natega vitu vyangu kule. Ukimaliza tu, naanza. Watu wanageuza viti. Hakuna kupoa."

Nilimwambia ni wazo safi. Mimi, mzaliwa wa Ngulyati, mtoto wa manju, nilisimama katikati ya ghala nikayatazama majukwaa mawili yanayotazamana na uwanja mtupu katikati, na sikuona kitu. Bado najicheka.

Wasukuma watakuwa wamenielewa tayari. Kwa wengine nieleze. Ngoma zetu zina vyama viwili vikubwa, na mtu huzaliwa katika kimojawapo kama anavyozaliwa katika ukoo. Kiangazi kikifika, vyama hivyo vinakutana uwanjani, kimoja upande huu na kingine upande ule, vinapiga kwa wakati mmoja, kila kimoja kikijitahidi kukizidi kingine kwa nyimbo, kwa uchezaji, kwa vituko, na wazee wa zamani wangeongeza kwa dawa. Hakuna jaji wala karatasi ya alama. Watazamaji wanakwenda kwa miguu yao kusimama penye utamu, ila wazee na viongozi wa vyama hawavuki. Upande wenye watu wengi jua linapozama umeshinda, na upande uliobaki na mbwa na viti vitupu utaimbwa mwaka mzima.

Asubuhi ya tamasha wa kwanza kuingia walikuwa wazee wa chama kisicho cha mama. Walikuja wamependeza, makoti na kofia, na wakaketi mbele ya jukwaa langu kwa sababu mbili tu: lilikuwa karibu na mlango, na hapo ndipo penye mabenchi yenye migongo. Niliwaamkia kwa magoti, mwangaluka, wakaitikia, na mmoja wao, mzee mrefu mwenye sauti ya kukwaruza, akaniuliza ninapiga upande gani.

"Huu hapa, baba."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, ameridhika, akawanong'oneza wenzake. Sikujua kwamba muda huo nimeshasajiliwa.

Waliofuata walikuwa wa chama cha mama. Walipofika mlangoni wakawaona wapinzani wao wameshakaa kwenye mabenchi, wala hawakuulizana. Walipita pembeni mwa ukuta bila kutazama jukwaa langu, wakavuka ghala zima, wakaketi mbele ya jukwaa la kijana wa Dar. Baada ya hapo kila aliyeingia alisimama mlangoni, akatazama nani yuko wapi, akajua kwake. Watumishi wa serikali waliotoka mikoa mingine, walimu, manesi, mwanasheria mmoja Mchagga, hao walibaki katikati wameshika simu, hawajui kinachoendelea.

Kijana wa Dar alianza. Alitoa ile sauti yake moja ya chini, akaiacha ikae, akaigeuza kidogo kidogo, huku dada wa picha akimletea ukutani weusi unaopauka kama alfajiri. Ilikuwa kazi nzuri. Watu walisikiliza kwa adabu, mikono magotini. Walisikiliza sana. Kisha mama mmoja wa makamo akamfuata palepale jukwaani, akamwinamia sikioni.

"Samahani, baba. Ngoma yenyewe inaanza saa ngapi?"

"Ndiyo hii, mama."

"Hii?" Akasikiliza tena, amekunja uso. "Basi sawa. Nilidhani jenereta."

Wakati huo mimi nilikuwa upande wangu ninajaribu nyaya. Nilichomeka moja vibaya, spika zikatoa mlio mkali, krrr, krrr, krrr. Mabenchi yangu yakalipuka kwa vigelegele. Nilitazama juu, nikaona watu wa katikati wamegeuka, na wengine wa upande wa kijana wa Dar wanainuka kuja kwangu mbio, akina mama wameshika khanga zisidondoke. Nikachomoa waya. Mlio ukakatika. Umati ukasimama katikati ya ghala, ukanilaumu kwa macho, ukarudi.

Kijana wa Dar alikuja kwangu baadaye, amevimba. "Wamenikimbia kwa ajili ya waya mbovu."

"Si waya mbovu. Wanashindanisha."

"Wanashindanisha nini?"

Nikamweleza. Nilipokuwa namweleza ndipo nilipoelewa mwenyewe, na nikaanza kucheka hadi nikashika meza. Yeye hakucheka. Aliuliza kwa nini basi watu wanalalamika. Ni kweli walikuwa wanalalamika, na yule mzee mrefu alikuwa ameshafika pale na fimbo yake kutuletea lalamiko rasmi.

"Wanangu," alisema, "mbona mnapokezana? Mmoja anapiga, mwingine ananyamaza. Hiyo ni heshima ya kanisani. Ngoma hupigwa kwa pamoja."

"Mzee, sauti zitagongana," kijana wa Dar alimjibu.

"Ehee," alisema mzee. "Zigongane."

Hapo ndipo tamasha letu la sauti za majaribio lilipopata majaribio ya kweli. Tuliitupa ratiba. Kuanzia hapo kila mpigaji wa upande huu alikuwa na mwenzake wa upande ule, wote wanapiga, na katikati umati unakwenda na kurudi, vumbi la pamba ya zamani likipanda na kuonekana ndani ya mwanga wa projekta. Nakiri kwamba kwa muda ilikuwa fujo tu. Lakini mtu mwenye sikio alijifunza haraka. Ulitakiwa uache nafasi ambapo mwenzako anajaza, na umzibe mahali anapotaka kupumua. Kijana wa Dar, ambaye kwa miaka alikuwa amezoea kupigia watu waliofumba macho, alianza kutoa jasho. Alivua shati akabaki na fulana. Nikamwona anacheka.

Dada wa picha ndiye aliyepata taabu. Mashine zake alikuwa ameziweka katikati, anazilisha kuta zote mbili, na kila upande ulimtuhumu kwamba anaupendelea mwingine. "Wale umewapa rangi nyekundu, sisi unatupa majani!" Mzee mrefu, ambaye sasa alikuwa anajiona kama kiongozi wangu, alikuja kukagua kompyuta yangu.

"Hii imepakwa kitu?"

"Imewekewa neno la siri tu, baba."

"Neno la siri linatosha?"

"Hajaweza kulifungua mtu."

Aliona ni jibu la maana. Akarudi kuwaambia wenzake kwamba binti yao amejikinga.

Mama alifika baada ya chakula cha mchana. Nilikuwa nimempigia simu mara mbili asubuhi, akasema ana kuku wa kuwafungia; nadhani habari za vyama kukutana zilimfikia hukohuko. Sasa alisimama mlangoni na wanawake wenzake wa kundi la zamani, khanga mpya, kilemba cheupe, na mgongo umenyooka kama ilivyo siku zote akiwa mbele za watu. Niliacha vitufe nikashuka kumlaki. Yeye hakunitazama. Alitazama mabenchi yangu, akaona ni nani walioketi pale, sura moja baada ya nyingine, watu aliowaimba ujanani na waliomwimba. Nilipomfikia nikapiga goti kumsalimia.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila." Akanishika bega. "Umekaa na hawa?"

"Mama, ni mabenchi tu. Walikuja mapema."

"Mhm," alisema, akavuka ghala na wanawake wake nyuma, akaketi upande wa pili, kiti cha mbele kabisa. Kanipa mgongo.

Iliniuma. Nimesema kazi yangu naijua, na ninaijua, lakini nilirudi kwenye meza yangu nikabonyeza vitufe visivyo. Miaka yote nilimsubiri aje kunisikiliza, na sasa alikuwa amekuja kuketi mahali ambapo adabu ya chama chake ilimkataza hata kugeuza shingo. Ningeweza kwenda kwa wale wazee kuwaomba wahame. Nilifikiria. Kisha nikakasirika, na hasira ilinifaa kuliko huzuni. Nikasema kama hawezi kugeuka kwa ajili ya mtoto wake, atageuka kwa ajili ya sauti.

Nilikuwa nimeitunza kazi yangu kubwa kwa ajili ya jioni. Niliirekodi Maswa, kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, kwa ruhusa ya fundi wa zamu aliyenishangaa nikiinamisha maikrofoni kwenye mikanda ya mashine. Nilikuwa na mngurumo wa mota, meno yanayong'oa mbegu kutoka kwenye pamba, upepo wa ndani ya mabomba, na ile sauti ya mwisho, kishindo cha robota la pamba linaposhindiliwa. Hakuna familia ya kwetu ndani ya ghala lile ambayo haikuwahi kulima pamba. Hata nesi aliyetoka Tanga alikuwa ameishi na vumbi lake. Nikaileta mota kwa chini sana, ikiwa mbali, kama inavyosikika ukiwa bado shambani.

Vichwa viliinuka. Nikaongeza mikanda. Nikayakata yale meno ya mashine vipande vidogo, nikayapanga yatembee, na dada wa picha, Mungu ambariki, akaushusha ukutani kwangu weupe mwingi unaoanguka, nyuzi juu ya nyuzi. Nilipoachia kishindo cha robota kwa mara ya kwanza, mabenchi yalitikisika. Watu walianza kuvuka. Walivuka wachache, halafu wakavuka kwa makundi, walimu na wauza nyanya na watu wa bodaboda, na nilipoongeza mwendo nikaona kilemba cha mwanamke mmoja wa kundi la mama kinainuka. Alisita, akamtazama mama, akaja. Kisha wa pili. Kijana wa Dar alijitahidi kuwazuia na ile sauti yake ya chini, lakini ilikuwa kama mtu anayezuia ng'ombe waliosikia maji.

Upande wa pili vilibaki viti, na mama.

Hakugeuka. Niliona mabega yake na kilemba chake na mwanga wa ukutani ukicheza juu yake. Halafu akainuka. Akachukua mkoba wake. Nikajua anaondoka. Mikono iliendelea kufanya kazi yenyewe, nami nikawaza kwamba nimeshinda vibaya, nimempokonya mama watu wake mbele ya wapinzani wake, na sasa anatembea kwa miguu kwenda stendi peke yake. Nilitamani kuzima kila kitu.

Hakwenda mlangoni. Alipanda jukwaani kwa kijana wa Dar, hatua za polepole kwa sababu ya goti lake, akaweka mkoba juu ya spika, akanyoosha mkono. Kijana akamtazama, kisha akampa maikrofoni. Nadhani aliona kwenye mkono ule kitu ambacho hakuna aliyemfundisha kukikataa.

Mama akapiga kigelegele kimoja kirefu. Kilipita juu ya kiwanda changu chote na kikafika mlangoni. Kisha akaimba, kwa Kisukuma, na aliniimba mimi.

Alisema amezaa mtoto akamnyonyesha, leo mtoto anamrudishia mashine ya pamba. Alisema ana binti fundi, mikono laini, hajui jembe, hajui mti wa ngoma, na jasho lake liko wapi? Alisema jamani tazameni, ngoma ya binti yangu ina mkia! Mkia mweusi umetoka nyuma umeingia ukutani, ukikanyagwa tu na kuku, ngoma imekufa. Jasho liko wapi? Jasho liko wapi?

Ghala lilipasuka. Watu walishikana mabega kwa kicheko. Mzee wangu mrefu, mpinzani wa damu, alikuwa anafuta machozi kwa kofia. Wakati huohuo kijana wa Dar, ambaye hakuelewa hata neno moja, alikuwa ameushika mwendo wa mama. Aliichukua sauti yake ya chini akaiweka chini ya miguu ya wimbo, ikawa ngoma kubwa, na mama akaikanyaga kana kwamba alizaliwa nayo. Umati ukaanza kunikimbia.

Na mimi? Masikio yaliniwaka. Sikumbuki kuwahi kutukanwa kwa utamu namna ile. Lakini sikukubali. Nilikuwa na maikrofoni iliyotegwa katikati ya ghala kwa ajili ya kunasa sauti za watu, na ilikuwa imemnasa. Nikaikata ile "liko wapi" yake, nikaizungusha, nikaitupa kwenye spika zangu, liko wapi, liko wapi, liko wapi, sauti ya mama mara nyingi, nyingine nzito, nyingine nyembamba kama ya msichana, juu ya mashine za Maswa. Watu waliokuwa njiani walisimama. Dada wa picha akaanza kuipeleka mbio ile rangi kutoka ukuta hadi ukuta.

Mama alinyamaza. Alisikiliza anavyorudishiwa maneno yake. Sasa alikuwa amenigeukia, kifua na uso, umbali wa ghala zima, na hakuwa ananitazama kama mtu anavyomtazama mtoto wake. Alinipima. Akalegeza khanga yake ya juu, akaikaza upya kiunoni, akaingia tena. Safari hii aliyapachika maneno yake mapya kwenye nafasi ndogondogo nilizoziacha, katikati ya "liko wapi" na "liko wapi," kwa usahihi ambao ulinitoa kijasho kweli. Nikizijaza, anahama. Nikiongeza mwendo, anaimba nusu yake, mzito, bila haraka, mpaka mimi ndiye ninayeonekana ninahangaika. Nimepiga na watu wengi wanaosifika. Hakuna aliyewahi kunisikiliza kwa umakini ule.

Alinishinda. Nisiwadanganye. Jua lilipokuwa linashuka na mwanga wa matundu ya juu umegeuka mwekundu, upande wangu walibaki wazee wa chama pinzani, waliobaki kwa sababu hawawezi kuvuka, na nesi wa Tanga, aliyebaki kwa huruma. Nikashusha sauti taratibu nikainua mikono. Kelele za upande wa pili zilisikika hadi sokoni.

Mzee mrefu alikuja kunipa mkono. Uso wake ulikuwa wa msiba. "Tumepigwa na mama yako," alisema. "Lakini umetupigania, binti. Hatuna la kukulaumu. Gete." Gete ni kweli kabisa. Nikamshukuru kwa niaba ya chama ambacho sikuzaliwa nacho.

Nilikuwa nimepika alfajiri kwa ajili ya wageni, wali na nyama ya kukaanga na mchicha, masufuria makubwa yaliyofunikwa nyuma ya ghala. Wapigaji wote walikuwa na njaa. Kijana wa Dar alikula akisimulia, mdomo umejaa, kwamba hatarudi tena kupiga ukumbi ambao watu wamelala sakafuni. Mimi nilichukua sahani nzuri kuliko zote, nikaipakulia vizuri, nikachagua nyama laini kwa sababu ya meno yake, nikampelekea mama. Alikuwa ameketi kwenye ngazi za ghala na wanawake wake, anajipepea kwa ncha ya khanga, amechoka, anang'aa. Nikapiga goti nikamshikisha sahani kwa mikono miwili.

Aliitazama. Mama hajawahi kukataa chakula changu. Alikula hata ugali wangu wa kwanza, ule ulioungua nikiwa mdogo, na akausifu.

"Nani kapika?"

"Mimi, mama."

Akairudisha mikononi mwangu, polepole, bila ukali wowote. Mama ni Mkatoliki wa kila Jumapili na mambo ya dawa aliyatupa zamani, lakini kuna adabu za uwanjani ambazo hakuna padri aliyemwambia aziache.

"Hapana, ng'wanawane," alisema. "Siku ya ngoma sili chungu cha upande wa pili."

Akamgeukia jirani yake kumwomba kipande cha kiazi alichokuja nacho kutoka Ngulyati, akaanza kukimenya. Mimi nilibaki nimepiga goti pale na sahani. Kisha nikakaa ngazi moja chini yake, nikaila yote mwenyewe, wali na nyama laini, nikirudia kimoyomoyo maneno yake: siku ya ngoma.